Ubongo Unaofinyangika: Uhakiki wa Michael Merzenich kama Mwanasayansi, Mwandishi na Msemaji

Utangulizi

Makala haya yanahakiki kazi ya Michael Merzenich, mwanasayansi wa neva wa Marekani ambaye kwa zaidi ya nusu karne ameuchunguza ubongo, ameuandikia, ameuhutubia na hatimaye ameuuzia mazoezi. Lengo si kupima usahihi wa sayansi yake. Wapo wenye mizani ya kazi hiyo, na baadhi ya vipimo vyao vitatumika hapa. Lengo ni kuyasoma maandishi na hotuba zake kama matini: namna ushahidi uliopatikana maabarani unavyosafiri hadi kumfikia msomaji wa kawaida, na kitu gani hudondoka njiani. Hatukukuta mahali ambapo Merzenich anadanganya. Tulichokikuta ni nafsi moja ya usemaji inayofanya kazi tatu, yaani ya shahidi, ya mwalimu na ya mfanyabiashara, bila msomaji kuoneshwa ni wapi inapovua kanzu moja na kuvaa nyingine. Tulikuta pia kwamba mhakiki mkali kuliko wote wa ahadi zake ni maabara yake mwenyewe ya miaka ya 1980 na 1990.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea riwaya, tamthiliya na ushairi. Matini zinazofundisha watu kunoa akili zimeachwa pembeni, ingawa vitabu vya hamasa na semina za namna hiyo vimejaa katika miji yetu. Mtafiti amewahi kuketi katika ukumbi ambapo msemaji aliwaambia wanafunzi kwamba binadamu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo wake, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Dai hilo halina msingi wowote katika sayansi ya neva. Merzenich si wa kundi la msemaji yule, na hiyo ndiyo sababu ya kumchagua. Kumhakiki mlaghai ni kazi nyepesi isiyofundisha mengi. Ugumu huanza pale ambapo msemaji ni mjuzi wa kweli, aliyegundua mambo ya kweli.

Kuna jambo ambalo mtafiti anapaswa kulikiri kabla ya kuendelea. Wakati wa usomaji kwa ajili ya tasnifu hii, mzee mmoja wa familia yake alipatwa na kiharusi kilichomwacha na mkono wa kulia usiotii. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa kwamba kilichopotea kimepotea, hasa kwa umri wake. Mtafiti alikifungua kitabu cha Merzenich akiwa na hamu kubwa ya kuona kwamba mwandishi yuko sahihi. Hamu hiyo inahesabiwa hapa kuwa sehemu ya data. Msomaji wa vitabu vya aina hii ni nadra kuja mikono mitupu. Huja na mgonjwa, au na mtoto asiyejua kusoma vizuri, au na hofu yake mwenyewe ya kuanza kusahau majina ya watu.

Samaki mkavu

Merzenich alizaliwa mwaka 1942 katika mji mdogo wa Lebanon, jimbo la Oregon. Alipata shahada ya uzamivu katika fiziolojia mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikokuwapo Vernon Mountcastle, aliyeonesha kwamba seli za gamba la ubongo zimepangwa katika safu wima. Baada ya kipindi cha utafiti huko Wisconsin alihamia Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na huko ndiko alikofanya kazi yake kubwa.

Ili kuielewa kazi hiyo inabidi kukumbuka imani iliyotawala wakati ule. David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wameonesha kwamba paka mchanga akizibwa jicho moja katika wiki za mwanzo za maisha yake, sehemu ya ubongo inayohusika na kuona huacha kulisikiliza jicho hilo, na kulifungua baadaye hakurejeshi kilichopotea. Kumziba jicho paka mzima hakukuwa na athari kama hiyo. Matokeo hayo, yaliyochangia kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981, yalikuwa sahihi. Lakini yalipotoka kwenye jicho la paka yakageuka kuwa kanuni ya ubongo mzima: utotoni ubongo hupokea umbo, ukubwani umbo hukaza. Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi ingeweza kuandikwa juu ya milango ya maabara nyingi za wakati ule.

Merzenich, akishirikiana na Jon Kaas na wenzao, alichukua kima wadogo wa Amerika ya Kusini, wale waitwao kwa jina la bundi kwa sababu ya macho yao makubwa yanayoona usiku, akachora ramani ya sehemu ya gamba la ubongo inayopokea hisia za mkono. Uchoraji wenyewe ni kazi ya subira. Elektrodi nyembamba hushushwa hatua kwa hatua katika mamia ya vituo, na katika kila kituo mkono wa mnyama huguswaguswa hadi ijulikane ni ngozi ya kidole gani inayoiamsha seli ile. Walipokata mojawapo ya neva za mkono, walitarajiwa kukuta eneo lake la ubongoni limenyamaza. Halikunyamaza. Sehemu kubwa yake ilianza kuitika kwa ngozi ya jirani. Mwaka 1984 walichapisha matokeo ya kima waliokatwa kidole: eneo la kidole kilichoondoka lilikuwa limegawanywa kati ya vidole vilivyobaki. Kima hao walikuwa wazima kiumri. Samaki mkavu alikuwa amekunjika.

Makala ya mwaka 1990, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni William Jenkins, ndiyo yenye uzito zaidi kwa uhakiki huu kwa sababu ndani yake hakuna aliyekatwa kitu. Kima walifunzwa kugusa sahani inayozunguka kwa ncha za vidole fulani ili wapate chakula, siku baada ya siku, maelfu ya mara. Ramani zilipochorwa upya, eneo la ncha za vidole hivyo lilikuwa limepanuka. Hapa hapakuwa na jeraha. Palikuwa na mazoezi matupu.

Tuyasome masharti ya matokeo haya kwa utulivu, kwani ndiyo yatakayopotea baadaye. Kwanza, marudio yalikuwa mengi mno. Pili, mnyama alikuwa makini akingoja tuzo. Katika majaribio mengine ya maabara hiyo hiyo, kima walioguswa vidole huku umakini wao ukielekezwa kwenye sauti hawakupata mabadiliko ya kulingana na wale walioshughulika na mguso wenyewe. Mwaka 1998 Michael Kilgard na Merzenich walionesha katika panya wazima kwamba sauti ikiambatanishwa na usisimuaji wa kiini kidogo kilichopo chini ya ubongo wa mbele, kiini kinachohusika na umakini, ramani ya sauti hiyo hupanuka kwa kiasi kikubwa. Umakini, kwa hiyo, ni mlango na si pambo. Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote: kilichopanuka ni eneo la vidole vilivyotumika. Hakuna mahali panaposemwa kwamba kima aliyefunzwa kugusa sahani alikuwa hodari zaidi wa kurukia matawi, kukumbuka njia au kuwatambua wenzake. Mabadiliko yalikuwa mahususi, na umahususi huo ndio uliokuwa habari yenyewe.

Kuna tawi la utafiti huu lisilotajwa sana majukwaani. Mwaka 1996 Nancy Byl, Merzenich na Jenkins walichapisha habari za kima waliofunzwa kukamata mshikio kwa haraka na kwa namna ile ile kwa muda mrefu. Mikono yao iliharibika utendaji, na ramani zao zilipochorwa, mipaka ya vidole ilikuwa imevurugika: seli moja ikaitikia ngozi pana ambayo haikupaswa kuwa yake. Watafiti waliyahusisha matokeo hayo na hali inayowapata baadhi ya wapiga piano na wapiga gitaa, ambao vidole hujikunja vyenyewe na kukataa amri. Mazoea yana taabu, husema wahenga. Mazoezi ni mazoezi. Ubongo hauulizi kama yana faida.

Suala la jina

Kiswahili hakina istilahi moja iliyokubalika ya sifa hii ya ubongo, na upungufu huo ni bahati kwa mhakiki, kwa maana humlazimisha kuuliza neno linadai nini kabla ya kulikubali. Baadhi ya waandishi hupendelea unyumbufu. Neno ni zuri kwa masikio, lakini mpira ulionyumbuka hurudi ulivyokuwa. Ubongo wa kima wa 1990 haukurudi kwa kuachiwa tu, bali ulikuwa umechukua umbo jingine. Badiliko ni neno pana mno, kwa sababu hata jiwe hubadilika likipigwa na mvua. Mtafiti amechagua ufinyangikaji. Udongo ukifinyangwa hubaki na umbo hadi mkono mwingine uje, na mfinyanzi anaweza kutengeneza mtungi au kuuharibu kwa mikono ile ile. Kima wa Byl wanaingia ndani ya neno hili bila kusukumwa.

Uchaguzi huu una udhaifu wake. Mfinyanzi yuko nje ya udongo, ilhali katika ubongo hakuna mfinyanzi wa nje. Anayefanya mazoezi ndiye anayefanyizwa. Aidha udongo ukichomwa hauwezi kufinyangwa tena, jambo ambalo lingemrudisha msomaji kwenye imani ile ile ambayo Merzenich aliipinga. Tumelikubali neno pamoja na madeni yake.

Merzenich mwenyewe alikwenda njia nyingine. Anwani ya kitabu chake cha 2013, Soft-Wired, imejengwa juu ya nyaya: Waingereza na Wamarekani husema kwamba jambo lisilobadilika kwa mtu limesukwa ndani yake kama nyaya ngumu za mashine, naye anaigeuza sitiari hiyo kwa kuzifanya nyaya ziwe laini. Ni anwani yenye akili. Lakini inauacha ubongo katika karakana, ambamo kasoro hutafutwa na fundi huitwa. Msomaji anayekubali kuwa kichwa chake kina nyaya amekwisha kukubali nusu ya hoja ya kuhitaji vifaa vya kuzirekebisha.

Kutoka kwa kima hadi kwa mtoto

Kabla ya vitabu, Merzenich alishiriki katika kazi ambayo hakuna anayeibishia. Timu ya San Francisco aliyokuwamo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotengeneza kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio la mtu kiziwi, na mwaka 2015 alikuwa mmoja wa watano waliopewa Tuzo ya Russ kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Kavli ya sayansi ya neva pamoja na Eve Marder na Carla Shatz. Kifaa hicho kina maana katika hoja yetu kwa sababu moja. Kinapeleka ubongoni ishara chache na chafu ukilinganisha na sikio zima, na bado watu wengi wenye nacho hujifunza kuelewa mazungumzo baada ya miezi ya kukitumia. Hapa ufinyangikaji ulionekana kwa binadamu wazima, kwa manufaa makubwa. Mtu aliyeshuhudia jambo hilo kwa macho yake ana haki ya kuwa na matumaini.

Matumaini hayo yaliingia sokoni mwaka 1996. Mwezi Januari mwaka huo jarida la Science lilichapisha makala mbili za Merzenich, Paula Tallal na wenzao kuhusu watoto wachache wenye matatizo ya kujifunza lugha. Nadharia ilikuwa kwamba watoto hao hushindwa kutofautisha sauti fupi zinazofuatana upesi, kama zile zinazotenganisha silabi ba na da. Walifunzwa kwa michezo ya kompyuta iliyorefusha sauti hizo na kuzirudisha taratibu kwenye kasi ya kawaida. Watoto waliendelea vizuri. Mwaka huo huo Tallal, Merzenich, Jenkins na Steven Miller walianzisha kampuni ya Scientific Learning, na baadaye programu yao, Fast ForWord, ikaanza kuuzwa kwa shule na wazazi.

Tunaona hapa kasi ambayo haikuwapo katika hadithi ya kima. Kutoka kukata neva hadi kufunza vidole kulipita miaka mingi ya kujibu maswali ya wenye shaka. Kutoka makala za watoto hadi kampuni hakukupita hata mwaka. Mwaka 2011 Gemma Strong na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwa na makundi linganishi yanayofaa, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa programu hiyo inasaidia matatizo ya lugha ya mazungumzo au ya kusoma. Haielekei kwamba watoto hawakujifunza lolote. Mtu anayecheza mchezo wa kutofautisha sauti hupata ustadi katika mchezo huo. Lakini mzazi hakununua ustadi wa mchezo. Alinunua mtoto anayesoma.

Kima wa 1990 angeweza kumwambia.

Shahidi, mwalimu, mfanyabiashara

Hotuba ya Merzenich katika jukwaa la TED mwaka 2004 ni mfano bora wa usemaji wake. Anaanza kwa utani wa mchekeshaji Woody Allen, anaingia katika maelezo ya jinsi ubongo wa mtoto mchanga unavyojijenga, anapita kwa wanyama wa maabara, anawafikia watoto wenye shida ya lugha na wazee wanaosahau, na anamaliza kwa kutabiri kwamba mazoezi ya ubongo yatakuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Si msemaji wa makelele. Hapandishi sauti, hatembei jukwaa zima, haombi makofi. Aristotle alifundisha kwamba tabia ya msemaji huenda ikawa hoja yenye nguvu kuliko hoja zake, na hapa upole wa profesa unafanya kazi ambayo hamasa ya wengine haiwezi.

Tuliposhika kalamu kuihawilisha hotuba hii katika Kiswahili, mofimu za njeo zilitufichulia umbo lake. Sehemu ya wanyama inadai -li-: tulipima, tulikuta, eneo lilipanuka. Sehemu ya ubongo kwa jumla inadai hu-: ubongo hubadilika, ubongo hujipanga. Sehemu ya mwisho inadai -ta-. Kila kimoja peke yake ni halali. Kinachofanya kazi ya ushawishi ni mpito. Kutoka -li- ya kima fulani, kidole fulani, hadi hu- ya ubongo wowote, kuna pengo ambalo katika makala ya kisayansi lingejazwa kwa kurasa za tahadhari. Jukwaani linavukwa kwa pumzi moja. Na -ta- inayofuata inaazima uhakika wake kutoka kwa hu-, kama mtu anayekopa kwa jina la ndugu yake tajiri.

Mwaka 2007 ulimfikisha kwa umma mpana. Norman Doidge alimpa sura nzima katika kitabu chake kuhusu ubongo unaojibadilisha, na televisheni ya umma ya Marekani ilionesha kipindi kuhusu afya ya ubongo kilichomweka katikati. Wakati huo alikwisha kuanzisha pamoja na wengine kampuni ya pili, Posit Science, iliyowalenga watu wazima na wazee. Mazoezi yake sasa huuzwa kwa jina la BrainHQ. Soft-Wired kilikuja baada ya hayo yote, na inafaa kikumbukwe hivyo: hiki ni kitabu cha mtu mwenye duka, aliyeandika baada ya kulifungua.

Haki lazima itendeke. Masharti ya maabara yamo ndani ya kitabu. Mwandishi anaeleza kwamba ubongo hubadilika pale unapokuwa tayari, yaani makini na wenye hamu. Kwamba mabadiliko ya mwanzo ni ya muda. Kwamba ufinyangikaji unaweza kwenda kinyume na kuleta madhara. Wala hafichi uhusiano wake na kampuni. Mhakiki anayetafuta siri hapa atarudi bila kitu.

Tatizo ni mahali masharti yalipokaa. Yamekusanywa katika sehemu yake kama kanuni, kisha simulizi za watu waliosaidika zinaendelea bila kuyarejelea. Lile la tatu, la umahususi, ndilo lililonyamaziwa zaidi. Msomaji anaambiwa kwamba ubongo unapofunzwa kupokea habari kwa kasi na usahihi, kila kinachotegemea habari hizo, kumbukumbu, uamuzi, hata hali ya moyo, kitanufaika. Huenda ikawa kweli. Lakini hiyo ni nadharia inayohitaji ushahidi wake yenyewe. Haimo katika vidole vya kima, na kitabu kinaiweka karibu mno na kima hao hivi kwamba inaonekana kama mtoto wao.

Hata madhara yamepewa kazi ya kuuza. Katika makala ya Byl kuvurugika kwa ramani ni onyo dhidi ya mazoezi yasiyo na kadiri. Katika kitabu, kwenda kinyume kwa ubongo kunaelezwa zaidi kama hatima ya mzee asiyefanya mazoezi: ishara zinachafuka, ubongo unajifunza uchafu huo, na kuporomoka kunafuata. Onyo lile lile limegeuzwa uso. Lililosema usizidishe sasa linasema usiache.

Barua mbili na hesabu moja

Mwezi Oktoba 2014 takriban wanasayansi sabini walitia saini tamko lililotolewa kupitia Kituo cha Stanford kuhusu Maisha Marefu na Taasisi ya Max Planck ya Maendeleo ya Binadamu ya Berlin. Walipinga madai kwamba michezo ya kompyuta huzuia au kurudisha nyuma kuzeeka kwa akili. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya wengine mia moja, Merzenich akiwamo, walijibu kwa barua yao wakisema ushahidi upo na umepuuzwa. Magazeti yaliiona kama vita ya kambi mbili. Ukizisoma barua zote mbili pamoja, unakuta zinakubaliana juu ya jambo ambalo ndilo kiini cha kazi ya Merzenich, kwamba ubongo wa mtu mzima hujifunza. Zinatofautiana juu ya uhamishaji: ujuzi ukipatikana hapa, unafika wapi?

Januari 2016 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni iliyotengeneza Lumosity ingelipa dola milioni 2 kwa madai yasiyo na ushahidi wa kutosha. Hiyo haikuwa kampuni ya Merzenich, na kuwachanganya ni kosa linalofanywa mara nyingi. Mwaka huo huo Daniel Simons na wenzake walichapisha mapitio marefu ya tafiti ambazo kampuni za mazoezi ya ubongo zilikuwa zikizitegemea. Walikuta ushahidi mwingi kwamba watu huimarika katika kazi waliyoifanyia mazoezi, ushahidi pungufu kwamba huimarika katika kazi zinazofanana nayo, na ushahidi mdogo kwamba huimarika katika shughuli za mbali za maisha ya kila siku. Mfuatano huo, wa mengi, pungufu na kidogo, ni ramani ya 1990 iliyochorwa upya kwa takwimu: kidole kilichofunzwa, kidole jirani, mwili uliobaki.

Hata hivyo kuna hesabu moja inayozuia hukumu ya haraka. Utafiti uitwao ACTIVE uliandikisha wazee 2,832 wenye miaka 65 na kuendelea katika miji sita ya Marekani, wakagawanywa kwa njia ya nasibu katika makundi manne: la kumbukumbu, la kufikiri kwa mantiki, la kasi ya kupokea habari, na la wasiofunzwa. Zoezi la kasi, ambalo lilibuniwa na Karlene Ball na Daniel Roenker na baadaye kuchukuliwa na Posit Science, humtaka mtu atambue picha iliyo katikati ya kioo na wakati huo huo aone kingine kilichochomoza pembeni, kwa muda unaozidi kufupishwa. Mwaka 2017 Jerri Edwards na wenzake waliripoti kwamba baada ya miaka kumi, kundi la kasi lilikuwa na hatari ya demensia iliyo chini kwa asilimia 29 kuliko kundi lisilofunzwa. Makundi ya kumbukumbu na mantiki hayakuonesha tofauti ya maana.

Wanaomuunga mkono Merzenich huitaja asilimia hiyo kwa furaha, na wana sababu. Wapinzani hujibu kwamba tofauti hiyo ilikaa ukingoni kabisa mwa mpaka wa kitakwimu, na kwamba utafiti haukubuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupima demensia. Nao wana sababu. Kwa mhakiki wa matini linalovutia ni jingine. Mazoezi mawili kati ya matatu, yote ya ubongo, yote ya umakini, hayakufika huko. Moja ndilo linalodaiwa kufika. Basi hata katika ushahidi bora alionao, Merzenich anakutana tena na umahususi. Sentensi isemayo kwamba mazoezi ya ubongo huzuia demensia inavunjwa na utafiti ule ule unaoitwa kuitetea.

Juu ya tafsiri iliyomo katika tasnifu

Vipande vya Soft-Wired na vya hotuba ya 2004 vilivyotafsiriwa kwa ajili ya tasnifu hii vimefuata utaratibu ambao watahini wanapaswa kuujua. Kiingereza kina kitenzi kisaidizi kimoja kinachobeba uwezo na uwezekano kwa pamoja, na anwani ndogo ya Soft-Wired imesimama juu yake inapoahidi mabadiliko katika maisha ya msomaji. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kujificha hivyo. Akisema sayansi hii inaweza kubadili maisha yako, amedai uwezo uliopo. Akisema huenda ikabadili, ametaja tukio lisilo na hakika. Tumetumia -weza pale ambapo jambo lilikwisha kupimwa kwa binadamu, kama katika kifaa cha kusikia na katika mazoezi yanayoboresha kazi iliyofanyiwa mazoezi. Tumetumia huenda pale ambapo ahadi inavuka hadi kazi nyingine. Matokeo yake ni kwamba sura za mwanzo za kitabu zimejaa -weza na zile za mwisho zimejaa huenda, ilhali katika asili zinasomeka kwa uhakika ule ule. Inaweza kusemwa kwamba mfasiri ameingilia matini. Ameingilia, na amealama kila mahali alipofanya hivyo.

Sentensi moja ilibaki bila kuamuliwa kwa muda mrefu: ile inayomhusu mtu mzima aliyeumia ubongo na kurejeshewa matumizi ya mkono kwa mazoezi. Ushahidi wa mazoezi hayo kwa wagonjwa wa kiharusi upo, hasa kwa wale ambao mkono wao bado una uhai kidogo, nao haukutokana na michezo ya kompyuta bali na kuutumia mkono dhaifu wenyewe kwa saa nyingi huku ule mzima umefungwa. Tumeandika -weza, pamoja na masharti yake yote katika sentensi hiyo hiyo. Mzee aliyetajwa katika utangulizi hufungua na kufunga vifungo vya shati lake kila asubuhi kwa mkono wa kulia, na kazi hiyo humchukua karibu nusu saa.